Mtungi wa Bibi wa Haiphong

Huko vijijini karibu na Shelui walimwita Nahodha, naye aliitika bila haya, ingawa kazi yake melini ilikuwa kusugua masufuria. Zefania aliondoka Iramba akiwa kijana kwenda kukata mkonge Tanga. Mkonge ukamshinda mwezi wa pili, akaomba kazi kwenye meli ya Wafaransa iliyohitaji mtu wa jikoni. Baada ya miaka mitatu alirudi na sanduku la bati, kofia ya ubaharia na hadithi moja.

Hadithi yenyewe kila mtu aliijua. Mwaka 1954, vita vilipokwisha, nchi ya Vietnam ilikatwa vipande viwili, na watu maelfu kwa maelfu wa kaskazini wakataka kwenda kusini. Meli zikaja kuwachukua bandari ya Haiphong. Zefania alieleza walivyopanda na watoto migongoni, kuku makwapani, rozari shingoni. Wali aliopika, kwa maneno yake, ungelisha Singida nzima. Akifika kwenye kisa cha mtungi ilikuwa lazima ainuke asimame.

"Bibi mmoja kakumbatia mtungi wa mchuzi wa samaki waliochacha. Harufu yake, ndugu zangu! Fisi angeomba radhi akaondoka. Mpishi mkuu akaniambia, tosa! Nikautosa baharini, chubwi!"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mkewe, Febronia, hakucheka hata siku moja. Aliuliza tu kutoka jikoni, "Na huyo bibi alisema nini?"

"Angesema nini, Mama Sara? Lugha yao siijui."

"Sijakuuliza habari ya lugha."

Hapo Nahodha alikumbuka ghafla kwamba mbuzi hawajanyweshwa.

Waliomwita mwongo, wakidai bahari aliiona akiwa ufukweni Tanga, aliwafungulia sanduku. Ndani mlikuwa na ile kofia na cheti cha kazi chenye mhuri na picha yake. Mabishano yakaishia hapo.

Mwaka 1974 amri ikaja kwamba watu wote wahame mashambani, wakakae pamoja katika kijiji cha ujamaa, maili tisa kutoka pale. Lori likaletwa, moja tu. Philipo, kijana aliyekuwa katibu wa tawi la chama, akamwendea Zefania.

"Shikamoo, Nahodha. Wewe umehamisha nchi nzima. Tusimamie upakiaji."

Zefania hakuhitaji kubembelezwa. Alivaa kofia yake, akaanza kulitawala lori utadhani lina nanga. Aliamuru mizigo mizito ikae shetrini, na watu wa Iramba, ambao hawajawahi kuona meli, sembuse sehemu yake ya nyuma, wakatazamana. Kisha akatunga sheria yake mwenyewe: kila kaya kitu kimoja kizito, basi. Kitanda cha mzee Mathayo kikashushwa. Kinu cha Raheli kikashushwa, Raheli akalia, na Nahodha akamwambia kwamba baharini sheria ni sheria.

Ikafika zamu ya nyumba yake. Sanduku la bati lilikuwa juu tangu asubuhi, ndilo la kwanza kupanda. Febronia akaja anatembea polepole, jiwe la kusagia kichwani. Jiwe hilo alipewa na mama yake siku ya kuolewa, na mama alipewa na bibi. Katikati limelika kwa mikono ya wanawake watatu.

"Mama Sara, hilo liache. Tuendako mawe yamejaa."

Febronia alimkabidhi. Hakubisha, yeye aliyezoea kubishana hata na mvua. Alirudi nyuma hatua moja, mikono ikabaki mbele ya kifua vilevile, kama bado imeshika kitu.

Zefania akasimama na jiwe mikononi. Mikono ile aliijua. Hivyohivyo alisimama bibi wa Haiphong, mbele ya watu waliokuwa wanacheka, na mikono yake haikushuka mpaka walipofika Saigon, huko kusini. Miaka ishirini alikuwa akiisimulia harufu ili asiisimulie mikono. Aliona aibu, tena aibu kubwa, kichwani kuna kofia ya ubaharia.

"Nahodha, lori linaunguza mafuta!" Philipo akaita.

Zefania akapanda, akashusha sanduku, akaweka jiwe mahali pake. Kisha akavua kofia, akaitia sandukuni, akafunga. Kitanda cha Mathayo akakipandisha mwenyewe, na kinu cha Raheli pia. Lori lilipojaa pomoni, yeye na sheria yake wakatembea maili tisa kwa miguu.

Siku ya tatu alirudi kuchukua sanduku. Hakulikuta.

Jumapili ya kwanza kijijini, watu walipotoka kanisani, wakamfuata nyumbani kumtaka hadithi ili wasahau vumbi. Akaisimulia yote. Alipofika kwenye mtungi hakusimama.

"Mpishi mkuu akaniambia, tosa."

"Ukautosa!" wakamalizia wote.

"Hapana. Niliuficha nyuma ya magunia ya mchele. Saigon nikamrudishia mwenyewe."

Zogo likazuka. Mwongo huyu! Miaka yote katosa, leo hajatosa! Kwanza cheti kiko wapi? Labda hata Tanga hakufika! Wakamgeukia Febronia, aliyekuwa akisaga mtama mlangoni kwa jiwe lile la mama yake, kwa sababu uongo wa Nahodha haukuwahi kumpita.

Febronia hakuinua macho.

"Mtungi ulifika," alisema, akaendelea kusaga.