Mtumbwi Nilioutoa Majini

Nakumbuka asubuhi moja ya ukungu, enzi za Mwingereza, nilipokuwa msichana wa miaka kumi na saba mwenye maneno mengi kuliko akili. Ukungu ulikuwa umelala juu ya ziwa, hata hukujua maji yanakomea wapi na mbingu inaanzia wapi. Nilisimama ufukweni, mikono kiunoni, nimejaa furaha ya mtu anayedhani amewatengenezea wenzake mambo yaliyowashinda. Mwanangu, jihadhari na furaha ya namna hiyo.

Nilizaliwa Bakoba, pale Bukoba mjini. Baba yangu alikuwa nahodha wa tishari, lile jahazi pana lisilo na madaha, lililopeleka magunia ya kahawa kwenye meli iliyotia nanga mbali. Kwa hiyo nilijiona mjuzi wa vyombo. Nilivipanga kwa ukubwa, kama watu wanavyopangwa kwenye karamu: meli mbele, tishari nyuma yake, kisha mashua, na mitumbwi huko mlangoni ikisubiri makombo. Mtumbwi kwangu ulikuwa mtumbwi tu.

Mwaka huo dada yangu Zubeda, aliyeolewa kwenye kisiwa kidogo mkabala na Muleba, alikuwa karibu kujifungua na mumewe yuko mbali kikazi, nami nikatumwa kumsaidia. Baba mkwe wake, Ta Swaibu, maana Wahaya humwita mzee "Ta" kwa heshima, alikuwa na mtumbwi mrefu wa mbao zilizoshonwa kwa nyuzi za ukindu. Niliukuta umezamishwa nusu kwenye matete, umejaa maji na mawe.

"Dada, watu wa huku wanaacha chombo kioze?" nikauliza.

Zubeda akacheka. "Kamuulize baba mkwe."

Sikumuuliza. Mtoto wa nahodha amuulize mvuvi? Nilikuwa nimeona kwa macho yangu jinsi baba alivyopandisha mashua zake za misumari, zikaanikwa, zikapakwa lami. Ta Swaibu alipopewa nafasi kwenye mtumbwi wa jirani kuvuka kwenda msibani Buganguzi, niliwaita wanawake wawili wa jirani, wakadhani mzee ndiye aliyeniagiza. Tukatoa mawe, tukauvuta mtumbwi hadi mchangani, nikausugua mpaka ukang'aa. Ukaota jua siku nne. Wazee husema kuuliza si ujinga. Mimi niliona ni kushuka cheo.

Asubuhi ya tano ndiyo hiyo ya ukungu. Uchungu ulikuwa umemwanza Zubeda alfajiri, tukadhani ni wa kawaida. Ilikuwa siku ya gulio, na mitumbwi yote ya kisiwani ilikuwa imekwisha kwenda ng'ambo. Wa mwisho, wa yule jirani, ulimshusha Ta Swaibu ufukweni akitoka msibani, ukageuka, ukungu ukaumeza. Hapo hapo Ma Koku, mkunga wa kisiwani, akatoka ndani akijipangusa mikono.

"Mtoto amekaa vibaya," alisema. "Mpelekeni ng'ambo kwa masista wa misheni, na iwe sasa hivi."

Tuliuita ule mtumbwi wa jirani mpaka sauti zikakauka. Hakujibu mtu. Ulibaki mmoja tu, ule wangu unaong'aa.

Ta Swaibu alipitisha kiganja kwenye maungio ya mbao. Niliona mwanga ukipenya upande wa pili.

"Nani ameutoa majini?"

"Mimi, Ta. Nilitaka ukauke."

Alinitazama, akaitazama nyumba. "Lete mawe," alisema.

Tukausukuma ziwani, tukauacha ujae, tukautia mawe ukazama. Kisha mzee akaketi. Ndani ya nyumba dada yangu aliguna, na mimi nikaanza kulia. "Ta, twende tu! Maji tutayachota njiani."

"Kaa, mwana wange. Tungoje mtumbwi unywe."

Nilimchukia mzee yule, nasema kweli. Lakini kungoja kule kumebaki kwangu kama ndoto nisiyoamka. Ukungu uligeuka rangi ya maziwa jua lilipopanda nyuma yake. Mapovu yalitoka kwenye maungio, moja baada ya jingine, na katikati yake ikaja sauti ya Zubeda, kisha kimya, kisha sauti tena. Ta Swaibu akawa anasema polepole, kama anayezungumza na ziwa.

"Tishari la baba yako ni la misumari. Chuma kinaziamuru mbao, nazo zinatii. Kuna mtumbwi wa kuchongwa, huo ni gogo moja, hauna mshono wa kuachia. Huu wangu ni wa kushonwa. Mbao zake zinapatana kwa uzi tu, na uzi wenyewe unaishi kwa maji. Usipime chombo kwa urefu. Uliza kinashikwa na nini."

Mapovu yalipopungua tuliuinua, tukamwaga maji, tukamlaza Zubeda juu ya nyasi, kichwa kwenye mapaja ya Ma Koku. Wale wanawake wawili walipiga makafi mbele, mzee nyuma, nami nikapewa kibuyu nichote. Maji yalikuwa bado yanaingia. Baba yangu alipenda kusema, mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngama ni pale chini kabisa, maji machafu yanapokusanyika. Mjuzi wa vyombo alikuwa amepiga magoti pale pale.

Nilichota mpaka mikono ikafa ganzi. Hapakuwa na nchi mbele wala nyuma, weupe tu. Kisha, sijui wakati gani, nikasikia kibuyu kikikwaruza mbao. Nikainama kutazama. Maungio yalikuwa yamekunywa yakafumba. Maji yaliyokuwa yanatuingilia ndiyo yaliyotuzibia.

Tulifika. Alasiri mtoto wa kike alilia mikononi mwa masista, na dada yangu akapona. Watu walipouliza kwa nini tumelowa kiasi kile, Ta Swaibu alijibu, "Mtumbwi umezeeka." Basi. Hakulitaja tena jambo lile mpaka alipozikwa. Kesho yake alinipa kile kibuyu, nami kila asubuhi niliyokaa kisiwani nikawa naunywesha mtumbwi wake.

Lakini Zubeda, masikini, alinisifu maisha yake yote. Kila arusi, kila msiba, alisimulia jinsi mdogo wake alivyolichota ziwa kwa kibuyu ili yeye aishi. Nami nilikaa pale nikitazama chini, watu wakidhani ni unyenyekevu. Amekwenda kaburini akinishukuru kwa kuchota maji niliyoyaingiza mwenyewe. Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa, na imenichukua uzee mzima kuyasema.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu, kabla hujaondoka nyumbani. Utaingia katika nyumba za watu, utaona kitu kimezama nusu kwenye matete, na mkono utakuwasha kukitengeneza. Usikiguse kabla hujamuuliza mwenyewe. Watu nao ni hivyo hivyo: yupo wa misumari, yupo wa gogo moja, yupo wa uzi, na huruma inayomfaa mmoja itamfungua mwingine. Ukikosea, sema mapema, aliyekosewa akiwa bado anasikia.

Nenda sasa. Mungu akushone kwa uzi usiokatika, na maji utakayoyavuka yakuzibe nyufa zako.