Balbu ya Tochi ya Baba

Juzi nilimwona mjukuu wangu akisoma volti na ampea kwenye chaja, nikaikumbuka alasiri moja ya utotoni mwangu mjini Tororo. Baba alikuwa dereva wa lori, na betri ya lori aliyoishusha uani ilinuka tindikali. Nilidhani betri kubwa hutoa mwanga mkubwa, basi nikaiunga balbu ya tochi yake kwenye betri hiyo kwa nyaya. Iliwaka mara moja kwa mwanga mkali, kisha ikawa nyeusi.

“Volti kumi na mbili kwa balbu ya volti tatu?” Baba aliuliza. Alfajiri angeondoka kwenda Busia bila tochi.

“Volti ni nini, Baba?”

“Sijui, mwanangu. Bwana mkubwa wa kazini alituambia sisi madereva tulinganishe namba tu.”

Nililia kwa hasira kwamba walimpa namba bila maana yake. Leo najua kwamba volti ni kipimo cha msukumo wa umeme, ampea ni kipimo cha mkondo unaopita, na msukumo ukizidi, mkondo huongezeka na kuunguza uzi wa balbu. Baba alifariki bila mtu yeyote kumweleza hayo.