Barua ya kuomba radhi niliyoiandika mwenyewe ndiyo iliyotufungia zabuni

Wakuu, habari za humu. Walionizidi umri shikamooni. Nililonalo leo ni chungu, na nitalisema lilivyo bila kuongeza chumvi.

Mimi na kaka yangu Issa tulikuwa na kampuni ndogo ya ujenzi hapa Dodoma. Yeye ni fundi tangu ujana wake kule Kondoa. Yeye alikuwa wa site, mimi wa ofisini: zabuni, mikataba, barua. Shikeni hapo, maana kosa kubwa lilifanyika upande wangu.

Tulipata kazi ya kujenga madarasa ya shule ya msingi kwenye halmashauri ambayo jina naliacha.

Kuta zilipofika usawa wa madirisha, mhandisi wa halmashauri akaja, akaona ufa. Akamwambia kaka, "Mzee Issa, simamisha kwanza. Nitaleta watu wapime udongo."

Kaka akasimamisha. Pale pale alitakiwa kumpa daftari la site, aandike maelekezo yake na kusaini. Hakumpa.

Najua kuna watakaocheka. Lakini sisi tulivyolelewa, kumwambia mkubwa "naomba uandike ulichosema" ni kama kumwita mwongo mbele za watu.

Wapimaji hawakuja. Wiki zikapita, mhandisi akahamishwa. Aliyechukua nafasi yake akakuta site imeota nyasi.

Tukaletewa barua: mmechelewesha kazi, jielezeni kwa maandishi ndani ya siku kumi na nne, la sivyo mkataba utavunjwa na mtapendekezwa kufungiwa zabuni zote za serikali.

Kaka akasema, "Mdogo wangu, hii tumpelekee wakili."

Nikakataa. Nilijifanya mjuaji. Nikamwambia serikali haiendewi na wakili, utaonekana mkorofi na kazi nyingine usahau. Serikali inabembelezwa. (Akili hiyo niliiokota kwa wafanyabiashara wenzangu pale soko la Majengo, na wengi wenu humu mnayo, msinikatalie.)

Basi nikaandika kwa heshima na taadhima. "Tunakiri kuchelewa na tunaomba radhi kwa usumbufu wote uliojitokeza."

Yule mhandisi wa kwanza sikumtaja kabisa, nisije nikamharibia mtoto wa watu kazi. Barua nikaipeleka mwenyewe. Nikapokelewa vizuri, na chai nikapewa.

Mkataba ukavunjwa. Kwenye pendekezo la kutufungia, kiambatisho cha kwanza kilikuwa barua yangu.

Hapo ndipo nikakimbilia kwa wakili, mama mmoja anayeshughulika na mikataba ya serikali. Akaisoma mara mbili.

"Nani alikwambia ukiri?"

"Nilikuwa naonyesha heshima."

"Heshima unaionyesha kwenye salamu, dada. Hapa walitaka kujua kwa nini kazi ilisimama. Wewe ukawaambia kosa ni la kampuni yenu."

Akaomba daftari la site. Kurasa nyeupe. Akampigia mhandisi aliyehamishwa, naye akasema hakumbuki. Alitupigania kadiri alivyoweza, lakini kila hoja aliyotoa walimsomea sentensi yangu. Tumefungiwa miaka miwili.

Inaniuma mpaka leo, wakuu. Hakuna aliyenitapeli wala kunifanyia fitina. Nilikaa mezani kwangu, nikaandika vizuri, nikasaini.

Mnaofanya biashara na serikali, barua ya kujieleza ni ushahidi. Mpe wakili aisome kabla haijatoka, hata kama wewe na mkurugenzi wa halmashauri mnataniana. Na mkubwa akikupa agizo, mpe kalamu. Akinuna, atanuna siku moja tu.

Kaka sasa ni kibarua kwenye site ile ile. Mkandarasi mpya anamlipa kwa siku kumalizia kuta alizozianzisha mwenyewe. Mwezi uliopita nilimfuata. Nikapiga magoti kwenye kokoto, nikamwambia kaka, nisamehe.

Hakuacha kupiga plasta. "Inuka, mdogo wangu. Radhi umeshaomba ya kutosha."

Sijarudi kule tena. Kama yupo humu aliyewahi kumkosea mtu mzima kiasi hiki na wakaja kula tena sahani moja, aniandikie hapa chini alianzaje. Nasoma zote, hata za matusi.