Neno Tulilokataa Kulifuta

Miaka ile ya mwanzo ya soko huria, mtaa wetu wa Majengo ulichangamka. Kila kibaraza kiligeuzwa duka, mitumba ilining'inia hadi juu ya milango, na vikundi vya kutetea hiki na kile vilizaliwa kila kukicha. Chetu kilikuwa na chumba kimoja nyuma ya duka la mitumba: meza, mashine ya kuchapia, na jiko la mkaa tulilolizunguka Juni na Julai, baridi ya Sumbawanga inapopenya hadi kwenye mifupa. Mimi, binti wa Kifipa niliyetoka tu kumaliza kidato cha nne, nilikuwa katibu.

Mwenyekiti wetu alikuwa muuguzi mstaafu. Alizaliwa Kipili, lakini baba yake alikuwa amevuka Ziwa Tanganyika kutoka Kongo, na kwa sababu hiyo watu waliendelea kumwita Mkongo hata nywele zilipomjaa mvi. Alianzisha kikundi baada ya mama mmoja wa Kirando, naye mwenye asili ya Kongo, kufika zahanati akiwa na uchungu, akaambiwa alete kwanza uthibitisho kwamba ni raia. Alijifungulia nje, kwenye majani. Baadaye alijiunga nasi mzee mmoja mfugaji, aliyehamia Ufipa na ng'ombe wake kutoka kaskazini-magharibi. Wajukuu zake walizaliwa hapa, na bado shuleni waliitwa wakuja.

Siku moja tukasikia redioni kwamba kutakuwa na mkutano mkubwa wa dunia wa kupinga ubaguzi, na vikundi kama chetu vinaweza kuomba kuingia.

"Na sisi tumo?" mwenyekiti aliuliza.

"Tumo," nikamjibu, nikavuta mashine.

Tuliandika kwamba kwetu wako watu wanaobaguliwa kwa sababu ya asili yao. Tukasubiri. Kisha tukapigiwa simu: serikali yetu imeweka pingamizi. Kumbe kila nchi ilikuwa na haki ya kusema kikundi fulani kisiingie. Kikundi kingejibu, halafu wajumbe wa nchi zote wangeamua. Vikundi vya nchi nyingine navyo vilikuwa vimekwama hivyo hivyo.

Haukupita muda, akaja afisa kutoka Dar es Salaam, kijana mwenye adabu, koti lake jepesi mno kwa baridi yetu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sogea motoni."

Akanyoosha mikono juu ya mkaa. "Mama, hakuna anayewachukia. Tatizo ni neno moja tu. Mmeandika ubaguzi. Nchi hii sote ni ndugu. Andikeni migogoro ya ardhi, pingamizi litaondoka."

Mzee mfugaji akadakia, "Tuandike, dada. Ukishafika huko utasema unalotaka. Nani atakuziba mdomo?"

Nami nilitaka hivyo hivyo. Mwenyekiti alichokoa mkaa.

"Nikiingia kwa migogoro ya ardhi, nitakalishwa na watu wa migogoro ya ardhi," alisema. "Yule mama hakuwa anagombea shamba. Alikuwa anazaa."

Mzee alivaa kofia yake akaondoka bila kuaga. Afisa alimaliza chai yake, akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye katumwa tu.

Tulijibu pingamizi, neno letu likabaki. Wajumbe wakapiga kura, tukakataliwa. Mwenyekiti alipokea habari hiyo kwenye simu ya dukani. Alirudisha mkono wa simu mahali pake, akamshukuru mwenye duka, kisha njiani akaniuliza kama nyumbani tuna mboga.

Wiki ya mkutano ule aliwaita watu kwenye ukumbi wa parokia. Mzee mfugaji alikuja na kibuyu cha maziwa mgando, akakaa karibu naye kana kwamba hawakuwahi kugombana. Mama wa Kirando alisimama akasimulia kilichompata. Alipokaa, mama yangu mzazi akainuka. Sikujua kama angesema neno. Alianza kwa Kifipa, akageukia Kiswahili ili wote waelewe.

"Hata mimi nimewaita wakuja. Sikuwahi kufikiri kwamba mnasikia."

Watu wakaanza kusema wote kwa pamoja, hadi ugali wa ulezi ukapoa.

Zahanati haikubadilika kesho yake. Mwenyekiti alikwenda na kurudi mara nyingi kabla wahudumu hawajaacha kuuliza uraia mlangoni. Kikundi nacho kilififia, kila mtu akashika njia yake. Hadi leo naukumbuka moto wa chumba kile, na kicheko cha mwenyekiti kikivuka ukuta hadi kwa wateja wa mitumba.

Nilimtembelea Kipili kabla hajafariki. Alinikaangia migebuka, nikamuuliza kama alijutia kutokwenda.

"Nilijuta," alisema. "Nilitaka kukutana na hao wengine wanaobaguliwa, niwaulize kwao wanaitwaje."

Akanisogezea kipande kikubwa cha samaki, akaniambia nile kingali cha moto.