Chachu kwa Tumbo la Mtoto

Juzi, nikingoja zamu yangu katika duka la dawa hapa mtaani kwetu Mikelenge, mama mmoja Mwislamu aliweka antibiotiki za mwanawe mezani. “Kifua inapona, lakini kuhara inamumaliza. Naacha.”

“Usiache, mama,” muuzaji alisema, akimwonyesha pakiti ya unga. “Ongeza hii. Hii njo chachu, inasaidia tumbo.”

Mama alivuta mkono nyuma. “Chachu ya pombe? Kwa mutoto wangu?”

“Na mukate ya asubuhi, mama, unakulaka bila chachu?”

Mama akacheka, akachukua pakiti, na zile dawa akazirudisha mfukoni.

Wakati wa vita, dawa zilipomharisha marehemu mume wangu, nilikuwa na maji na sala tu. Sala sijaacha. Juzi nilimwombea yule mtoto, na ile chachu nayo nikaiombea.