Nilipokuwa Nanusa Moshi

Kwa miaka kumi na tatu nimekula kwa pua yangu. Nafanya kazi katika kiwanda cha chai, upande ule majani yaliyosagwa hulazwa yaive kabla ya kupelekwa kwenye moto. Yanaingia mabichi, yananuka nyasi iliyokatwa. Yakikaa, kijani kinageuka rangi ya shaba na harufu inabadilika, mpaka inafika dakika fulani yananukia tufaha lililoiva. Hiyo dakika ndiyo chai. Ukiiruka umeharibu kazi ya wakulima wa wiki nzima. Kuna saa ukutani na vipimo vya joto, lakini supavaiza akiwa na wasiwasi huniita mimi. Nainama, nanusa, nasema toa au ngoja. Sijisifu, ila sijawahi kukosea. Kazini, yaani. Nyumbani nilikosea kama mtu aliyezaliwa bila pua.

Marehemu mume wangu alikuwa mvutaji. Alivuta akichuna majani, alivuta akikamua, alivuta akitoka kanisani kabla mchungaji hajafunga mlango. Nami nilikuwa na desturi yangu: jioni, kabla ya kula, kila mtu alete mikono niinuse. Nilianza na binti yetu akiwa mdogo, kwa sababu alikuwa bingwa wa kusema amenawa na hajanawa. Aliniletea vile vidole vyake, nikasikia sabuni, nikamwambia, "Kaa ule." Baba yake alipoona hivyo akawa analeta yake pia, makusudi tu, ananichokoza. Namwambia yeye aende akale na ng'ombe. Tulicheka sana katika nyumba ile.

Kisha kifua kikamshika, na kicheko kikaisha. Binti yetu alikuwa darasa la sita. Ni yeye aliyekuwa akimwaga beseni ambalo baba yake alikoholea, kwa sababu mimi nilikuwa zamu. Wiki moja baada ya mazishi nilimkalisha nikamwambia kwamba sigara haitaingia tena katika boma hili, na siku nitakayosikia moshi kwake, ajue amenizika na mimi. Alilia akaniahidi. Alikuwa mtoto wa kushika neno, na nilimwamini.

Kwa hivyo nilinusa moshi. Mungu wangu, jinsi nilivyonusa moshi! Alipokwenda shule ya bweni, kila shule ikifunga nilinusa sweta, nikanusa blanketi, nikanusa nywele nikijifanya namsuka. Moshi hakuna. Nilisimama hata kanisani nikatoa ushuhuda kwamba Mungu amemlinda mtoto wangu na mambo ya baba yake, na wamama wakapiga makofi. Nikikumbuka siku hiyo mpaka leo natamani kuingia chini ya kiti.

Likizo ya Agosti mwaka jana, akiwa kidato cha tatu, nilianza kusikia harufu ya tufaha ndani ya nyumba. Ilikuwa kwenye pazia la chumba chake, kwenye shuka, kwenye kofia yake ya baridi. Mama mwingine yeyote angeuliza tufaha limetoka wapi. Sisi matufaha hatununui, labda Krismasi, nikipita soko la Roret nikiwa na roho nzuri. Lakini mimi nilikuwa natoka kiwandani kila siku na harufu hiyohiyo kwenye nywele na dastikoti, koti langu la kazi. Nikajiambia, ni mimi huyu. Nimebeba kazi nikaileta nyumbani.

Nikafua dastikoti kwa maji moto nikaitundika nje. Nikaanza kuoga kwanza kabla ya kugusa chochote. Harufu ikabaki palepale. Siku moja nilimwuliza binti yangu kama na yeye anaisikia, akanitazama kidogo, halafu akacheka. "Mama," akasema, "wewe ni kiwanda kinatembea." Nilicheka pia. Nitasema ukweli, nilijivuna kidogo. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nafua nguo.

Oktoba nikaitwa shuleni. Naibu wa mwalimu mkuu, mama wa rika langu, aliweka juu ya meza kitu cha kijani, kidogo kama kijiti cha rangi ya midomo, akaniuliza kama nakijua. Nikasema hiyo ni flashi ya kompyuta. Nilikuwa tayari kugombana, kwani mimi niache zamu, nipande gari mbili, kwa sababu ya flashi? Mwalimu alikisukuma mbele yangu taratibu.

"Nusa, mama," akasema.

Nikanusa. Ilikuwa nyumba yangu. Ilikuwa pazia, na shuka, na kile kicheko.

Yule mwalimu alinieleza pole pole, kama anayemweleza mgonjwa. Hicho kitu wanakiita vepu. Hakitoi moshi, kinatoa mvuke unaonukia matunda, lakini ndani kuna nikotini, ileile ya tumbaku, na nikotini ndiyo humfunga mtu. Wasichana wengi walikuwa wamejaribu wakaacha. Wangu hakuweza. Walikuwa wamempata nacho mara tatu, na mara ya tatu alikuwa ametoka katikati ya mtihani. Wakampa wiki mbili nyumbani.

Kwenye gari la kurudi naye watu walikuwa wengi. Tulipoingia kwenye njia ya miguu kati ya majani chai, mdomo wangu ukafunguka. Nilimwambia maneno ambayo mama hapaswi kumwambia mtoto, na nikayarudia. Alitembea mbele yangu na sanduku kichwani. Tulipofika kwa lango akalitua, akageuka.

"Mama, hii haikuwa sigara. Nilijua vile Baba alikufa, mimi ndiye nilikuwa namwaga. Nilichukua hii ndiyo nisifanane na yeye."

Ningependa kuandika kwamba nilimkumbatia. Sikumkumbatia. Nilimwambia aende akakamue. Lakini lile neno liliingia ndani likakaa. Nilikuwa nimemfundisha kuogopa moshi tu, na mtu mwerevu akimwuzia mtoto wangu kitu kisicho na moshi, atakiogopa kwa nini?

Siku ya tatu ndiyo niliamini yale ya mwalimu. Alimfokea ng'ombe, akanifokea mimi, kisha akaomba msamaha analia. Kichwa kilimuuma, usingizi hakuna, na akikaa alikuwa akisugua goti na kiganja, akisugua, akisugua. Huyo mtu nilimjua. Ni baba yake, kila mara alipojaribu kuacha kwa ajili yangu. Nilimkuta amekaa kwenye kiti kilekile karibu na dirisha, na nikaenda jikoni nikashika ukuta.

Wiki ya pili, siku moja natoka zamu saa kumi, mawingu yameshaanza kukusanyika, nikakata kupitia shamba letu. Hapo ndipo nikasikia moshi. Moshi wenyewe, wa tumbaku. Miaka yote hiyo nilikuwa nimeungoja, na maneno ya kusema nilikuwa nayo, na fimbo pia nilijua nitaichuma kwenye mti gani. Nikaufuata kati ya mistari ya chai. Alikuwa amechuchumaa, mgongo kwa upepo, ameizungushia sigara viganja viwili isizimike, vilevile alivyofanya baba yake. Hakuna aliyemfundisha. Vepu ilibaki kwenye droo ya naibu, na kioski cha barabarani kinauza sigara mojamoja kama peremende.

Aliponiona alitaka kuizima kwenye udongo, vidole vikakataa kuiachia. "Mwili ndio unaitaka," akasema. "Si mimi, Mama. Naapa si mimi."

Maneno yangu yote yalipotea. Nilichuchumaa hapo na dastikoti yangu ya kazi nikalia, naye akalia, mpaka mvua ikaja, na kwetu mvua ya jioni haichelewi. Tuliinuka tumelowa chapachapa.

Sasa yuko shule ya kutwa. Kila Alhamisi tunaenda zahanati kumwona muuguzi mmoja mpole, ambaye alituambia wazi kwamba si kazi ya mwezi mmoja, na kwamba kuanguka si mwisho. Kiwandani bado nanusa. Harufu ya tufaha ikifika nasema toa, kisha natoka nje nipumue. Supavaiza anadhani ni pumu.

Ile desturi ya mikono ni yeye aliyeirudisha. Jioni moja, mrefu hivyo, ananipita kwa kichwa, alikuja jikoni akanyoosha mikono mbele yangu bila kuambiwa. Nikanusa. Sabuni. Nikamwambia, "Kaa ule." Imekuwa hivyo siku nyingi, wakati mwingine wiki mbili zinafuatana, sabuni tu, na mimi nalala kama mtoto.

Jana alisonga ugali, akakata mboga, akaweka sahani mbili. Kisha akakaa. Mikono ilikuwa chini ya meza. Sikuhitaji aniletee, pua yangu ni hii hii, na meza yetu ni ndogo. Alitazama sahani, akangoja niseme. Niliomba baraka ya chakula, fupi, nikamkatia ugali, nikamwekea mboga upande ule anaopenda.

Siku zote nilikuwa nanusa kwanza, halafu ndiyo naambia mtu ale.

"Kula, mwanangu," nikamwambia. Ikachukua muda, lakini mikono ikapanda mezani.