Dirisha la Upande wa Barabara

Salama binti Zuberi alizaliwa Muyinga, nyumbani kwa fundi cherehani. Mwaka ule wa machafuko baba yake alifunga madirisha ya upande wa barabara, akawaambia watoto yasiguswe mpaka yeye mwenyewe aseme. Mungu aliwahifadhi wote. Baba alikuja kufariki kwa maradhi miaka mingi baadaye, na ile ruhusa hakuitoa.

Salama akawa mwalimu wa darasa la sita huko Gitega, mtaa wa Nyamugari. Kila asubuhi, kabla ya bismillahi ya kuanza somo, alihakikisha madirisha ya bati yanayotazama barabara yamekomewa, akawasha taa. Watu wa umri wake walielewa bila kuuliza.

Kisha ikaja mita mpya ya kulipia kabla, na umeme wa shule ukawa unakwisha kabla ya mwezi kuisha. Direkteri wa shule, Bwana Radjabu, alisema kwa huzuni kwamba ikiendelea hivyo, masomo ya jioni ya darasa la sita yatakatwa. Salama aliumia. Konkuru, mtihani wa kuingia sekondari, ilikuwa imekaribia, na wengi wa watoto wake kwao hawakuwa hata na koroboi. Direkteri akaona heri kila darasa litunze taa zake, na watoto wachague bashingantahe wao, kama wale wazee waamuzi wa mlimani, wasikilize kesi za kupoteza umeme.

Watoto waliipenda kazi hiyo kupita kiasi. Direkteri mwenyewe walimhukumu kwa birika lake la umeme, wakamtania kwamba chai yake inakunywa taa za shule nzima. Aliyeshindwa kesi alitoa kinywaji, kama desturi ya wazee hao ilivyo. Kwao ilikuwa chai.

Zamu ikamfikia Salama. Pili, binti mpole waliyemchagua kuwa mwamuzi, alisimama na kifimbo chake mkononi.

"Mwalimu, usitukasirikie. Madarasa yote yamezima, letu linawaka mchana huu. Jua iko hapo nje, ya bure, na sisi tunaifungia."

Salama alitaka kueleza. Akawatazama, akaona hakuna hata mmoja aliyekuwa ameshazaliwa wakati wa machafuko yale.

"Nimeshindwa," alisema. "Lakini fungueni nyinyi."

"Tufungue pamoja, Mwalimu."

Komeo lilikuwa limeshika kutu. Lilipoachia, mwanga ukamwagika juu ya madaftari. Barabarani alikuwa akipita mtu na baiskeli ya ndizi, akawapungia mkono. Basi, hivyo tu. Salama akazima taa, akasema alhamdulillahi kwa sauti ndogo, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Mwezi ule umeme ulitosha mpaka mwisho, na masomo ya jioni hayakukatwa. Salama alilipa hukumu yake kwa chai ya tangawizi.

Likizo ilipofika alikwenda Muyinga, akamsimulia mama yake kesi nzima. Mama akacheka mpaka akakohoa. Kisha Salama akamwomba ile ruhusa ya dirisha.

"Baba yako angekuwa ameshaitoa, mwanangu," mama alisema, akainuka kusogeza cherehani ya marehemu iliyoziba dirisha.